Betri Mpya, Alteneta ya Pili, na Waya Mmoja Usio Mahali Pake

Pikapu yenyewe ni ya dizeli, ya mwaka 2017, silinda 4, mafuta yanayogawiwa nozeli kupitia reli moja yenye shinikizo kubwa. Inalala Karavia, upande ule wa Lubumbashi wenye ziwa na hoteli yenye jina hilohilo. Ilipofika mikononi mwetu ilikuwa imeshafungwa betri mpya na alteneta ya pili, ya mtumba. Mwenye gari alieleza yote kwa pumzi moja: "Papa fundi, batri iko mupya, alternateri ni ya pili, na asubui motoka inakatala kuwaka."

Waliotangulia kuitazama walifanya kipimo kilekile. Injini inanguruma, mita kwenye betri, mita inasoma volti 12.7, hukumu inatolewa: alteneta haichaji.

Kwa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ hukumu hiyo ingesimama. Mafundi wengi wa Katanga wamejifunzia kazi kwenye injini hiyo ya lita 4.2, na wanaijua kama viganja vyao. Regyuleta yake inajua kazi moja tu, kushikilia volti 14 na kidogo, iwe mchana au usiku, betri iwe tupu au imejaa. Ikishuka chini ya 13.5 injini ikiwa inazunguka, kuna ugonjwa, nawe unaenda moja kwa moja kwenye brashi, dayodi au mkanda.

Kwenye dizeli za miaka hii mambo yamegeuka. Alteneta haijiamulii. Inapokea amri kutoka kwenye kompyuta ya injini kwa waya mwembamba mmoja, na amri hiyo hubadilika kila wakati. Sababu ni mafuta na moshi. Alteneta inayotoa ampea 100 kwa volti 14 inaidai injini nguvu ya farasi 3 hivi, na watengenezaji waliobanwa na viwango vya Euro 5 na Euro 6 walitaka kuziokoa. Kwa hiyo gari likiwa linavuta, kompyuta huishusha alteneta hata karibu na volti 12.5. Dereva akiachia pedali au akiteremka, huipandisha hadi karibu 15, ichaji kwa nguvu ya bure ya mwendo. Ili nguvu hiyo ipate pa kuingia, betri haijazwi kabisa. Huachwa kwenye asilimia 80 hivi. Ndiyo maana volti 12.7 peke yake haithibitishi chochote.

Swali la kwanza basi lilikuwa: alteneta imeamriwa nini? Tulichomeka skana tukaweka mistari miwili pamoja, volti inayotakiwa na volti inayopatikana. Iliyotakiwa ilikuwa 12.8. Iliyopatikana, 12.7. Alteneta ilikuwa inatii! Tukaiamuru kwa skana itoe 14.5, tukawasha taa zote, feni ya hewa na waya za kupasha kioo cha nyuma moto. Ikapanda bila kusita. Nyaya nazo zilipimwa zikiwa zimebeba mzigo, kwa sababu waya mbovu usio na kazi huonekana mzima. Kati ya nguzo ya alteneta na chanya ya betri volti 0.12 tu zilikuwa zinapotea, na upande wa hasi, kutoka mwili wa alteneta, 0.06. Zikivuka 0.3 upande wa chanya ndipo unaanza kufungua boliti na kupiga msasa. Mawimbi ya umeme wa kupishana, yanayofichua dayodi iliyokufa, yalikuwa madogo mno. Puli yenye kilachi ndani, ambayo dizeli nyingi zinayo ili kulinda mkanda na mitikisiko ya injini, ilizunguka upande mmoja na kushika upande wa pili kama inavyotakiwa.

Alteneta ya kwanza, ile iliyong'olewa, ilikuwa bado nyuma ya pikapu. Tuliifunga mezani ikatoa umeme wake wote. Inauma kuona familia imelipia kitu kizima kuondolewa na kizima kingine kuwekwa, kwa kipimo kimoja kilichosomwa kwa jicho la injini ya zamani.

Kompyuta ilikuwa na sababu gani ya kutaka 12.8? Asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, betri ilisoma volti 12.1. Betri ya asidi iliyojaa hukaa 12.6 hadi 12.7; ikifika 12.2 imebaki nusu, kwenye 12.1 iko chini ya nusu. Lakini skana iliandika kwamba betri ina asilimia 87. Hapo ndipo ugonjwa ulipo: kompyuta ilikuwa inaamini betri imeshiba, na aliyeshiba halishwi.

Imani hiyo inatoka kwenye sensa ndogo iliyobanwa kwenye nguzo hasi ya betri. Ndani yake kuna kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo sana, aghalabu sehemu 100 za milioni za omu. Umeme wote unaotoka na kuingia kwenye betri hupita humo. Ampea 100 huacha milivolti 10 tu, na kwa kiasi hicho sensa huhesabu kilichotoka na kilichorudi, saa baada ya saa. Ni daftari la duka, na halimdanganyi mwenye duka ilimradi kila mteja apitie mlangoni.

Hapa palikuwa na mteja asiyepitia mlangoni. Kutoka kwenye betri nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi, ziliingia ndani ya gari hadi kwenye inveta chini ya kiti. Umeme wa mji unapokatika jioni, inveta hiyo huwasha taa za nyumba, televisheni na chaja za simu kwa waya mrefu unaopitishwa dirishani. Aliyeifunga aliifunga kwa unadhifu, kwa fyuzi na viungo vya kubana. Ila pete ya waya mweusi aliikaza juu ya nguzo yenyewe ya betri, upande wa ndani wa sensa.

Uthibitisho ulichukua dakika chache. Injini imezimwa, inveta imewashwa, mzigo wa wati 120 hivi. Mita ya kubana waya kwenye kebo nyekundu ya inveta ilisoma ampea 12.4. Skana, wakati uleule, iliripoti kwamba betri inatoa ampea 0.7. Saa 3 za jioni kwa ampea 12 ni zaidi ya ampea-saa 35 kutoka kwenye betri ya 80, na daftari halikuandika hata moja.

Kuna kosa la pili, na nadhani ndilo lililokuwa linaiua betri kuliko la kwanza. Injini ikiwa inazunguka na inveta iko kazini, umeme wa alteneta huingia kwenye inveta, hutokea kwa waya mweusi hadi nguzo hasi, kisha hupita ndani ya sensa kurudi kwenye bodi. Kwa sensa, mkondo unaokwenda upande huo ni betri inayochajiwa. Kwa hiyo usiku hakuna kilichotolewa hesabuni, na mchana kikaongezwa ambacho betri haikukipata.

Mfumo una njia ya kujisahihisha. Gari likilala saa kadhaa limefungwa, kila kitu kimezimika, kompyuta husoma volti ya utulivu na kurekebisha asilimia yake. Gari hili halikuupata usingizi huo: mlango ulifunguliwa mara kwa mara usiku kuangalia inveta, na kila ukifunguliwa kompyuta zinaamka. Isitoshe, betri mpya ilifungwa bila kompyuta kuambiwa kwa skana, hesabu ikaendelea na ya zamani.

Dizeli huadhibu betri dhaifu kuliko petroli. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na alfajiri za Juni na Julai baridi inashuka chini ya nyuzi 10. Hita plagi 4 zinakula makumi ya ampea kabla stata haijagusa kitu, kisha stata izungushe injini yenye mbano mkubwa na oili nzito. Na nozeli za reli moja hazifunguki mpaka pampu ijenge shinikizo la kutosha, jambo linalotaka mzunguko wa kasi. Injini inazunguka polepole, haiwaki, na mtu anaanza kushuku pampu na nozeli, vitu vya bei ya kutisha. Skana nayo inaonyesha hitilafu za breki, usukani na chujio la masizi, zote zikiwa kilio cha volti ndogo.

Matengenezo yalikuwa madogo. Waya mweusi ulihamishiwa kwenye boliti ya bodi, upande wa pili wa sensa. Betri ilichajiwa kwa chaja ya nje mpaka ikajaa, kisha tukaiandikisha kwa skana kama betri mpya. Tulipima pia uvujaji wa usiku, gari limefungwa na kompyuta zimelala: miliampea 30 na kidogo, chini ya 50 zinazovumilika. Baada ya jioni moja ya kukatika umeme, asubuhi skana iliandika asilimia 58, ikiafikiana na volti za mita. Injini ilipowaka kompyuta iliamuru 14.7 yenyewe, na betri ikapokea zaidi ya ampea 30.

Mwenye gari sasa anataka betri ya pili kwa ajili ya nyumba, na ana haki. Tahadhari ni moja: ile rilei ya kawaida inayounganisha betri mbili volti zinapovuka 13.3 na kuzitenganisha zikishuka itakatakata kutwa nzima kwenye gari hili, maana alteneta yake hushushwa chini ya kiwango hicho kwa makusudi. Inahitajika chaja ya betri kwa betri, inayopokea volti 12.5 na kutoa 14.4, iwashwe kwa waya wa swichi, na hasi yake ifungwe kwenye boliti ileile ya bodi.