Mpingo na Mto Ruvuma

Wanunuzi wa vinyago vya Kimakonde hupenda kuambiwa kwamba umbo lake limetoka zamani za kale, na wauzaji, ambao si wajinga, huwaambia hivyo. Kosa hili lingekuwa dogo lau lingebaki dukani. Kwa bahati mbaya limeingia hata katika maandishi ya wataalamu, nao hukipima kinyago kwa ukaribu wake na mila za nyumbani.

Mto Ruvuma ulifanywa mpaka na Wadachi na Wareno kwa mapatano yao ya mwaka 1886. Tangu hapo Wamakonde wa Newala walihesabiwa watu wa dola moja, na wa Mueda watu wa dola nyingine. Hawa wa kusini walivuka kwenda kukata mkonge Tanganyika, wakikimbia kazi za shuruti; na baada ya mauaji ya Mueda, tarehe 16 Juni 1960, na vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964, walivuka wengi zaidi. Huku waliitwa Wamawia, jina wasilolipenda. Nembo za usoni na ndonya ya mdomoni ziliwatambulisha kabla hawajasema neno.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Lipiko, kinyago avaacho mchezaji katika ngoma ya mapiko, huchongwa kwa mti mwepesi, maana hubebwa na shingo ya mtu. Mpingo ni mzito, haumfai mcheza ngoma. Mhamiaji aliushika kwa kuwa mnunuzi wa mjini aliutaka, na kinyago kikahama kutoka kichwani kwenda mezani. Mengi yalipotea katika safari hiyo: ngoma, jando, siri. Sitaki kuyapunguza. Lakini kinyago cha shetani, kilichozuka Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuhesabiwa kuwa buni ya Samaki Likankoa, hakikuigwa kutoka kwa lipiko lolote. Ni kazi ya mtu aliyekwisha kuhama.

Vivyo hivyo ile nguzo ya watu waliopandana, ambayo asili yake hutajwa kuwa Roberto Yakobo Sangwani. Tunaiita ujamaa, hapo kwanza iliitwa dimoongo, yaani nguvu, kabla haijavikwa jina la siasa. Anayeitazama kwa macho ya hotuba huona furaha ya umoja. Mimi naona zaidi uzito. Katika nguzo ndogo iliyo mezani pangu, wa chini ameinama, na walio juu yake hawamtazami. Watu waliokaa kambi za mkonge walijua habari ya kubebana pasipo kufundishwa na mtu.

Je, sanaa hii ni ya nani? Tanzania huwaonyesha wageni kama fahari yake, na Msumbiji hali kadhalika. Kuwagombanisha si kazi ya mhakiki; lakini ni wajibu wake kukumbuka kwamba hadhi ya kinyago ilitangulia hadhi ya mchongaji. Wamakonde wa Kwale, nchini Kenya, baadhi yao wachongaji, waliishi huko vizazi kadhaa bila kutambuliwa kuwa raia. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai haki hiyo, na vitambulisho vyao vikaanza kutolewa mwaka 2017.