Beji ya Waimbaji wa Vita

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anaishi Uingereza, alinitembelea hapa Tunduma akanipa beji ndogo ya chuma yenye herufi nne: E.N.S.A. Aliinunua kwa muuza vitu vikuukuu. Alijua tabia yangu ya kuvihakiki vitu kama hivi jinsi wengine wanavyohakiki riwaya: kimekusudia kusema nini, na kimefaulu kiasi gani?

Herufi hizo zilikuwa za chama kilichoundwa Uingereza mwaka 1939, chini ya uongozi wa Basil Dean, ili kuwapelekea wanajeshi muziki, maigizo na vichekesho popote walipokuwa vitani. Si maonyesho yote yaliyopendeza. Askari kwa utani waliyapa herufi zile maana yao wenyewe, kwamba kila usiku ni balaa jipya. Hata hivyo walikwenda kutazama, kwani bila hivyo wangebaki hemani na mawazo ya nyumbani.

Beji hii ina sifa moja na kasoro moja. Sifa yake ni kwamba haijigambi. Haina upanga wala bunduki. Kasoro yake ni kukitaja chama na kumsahau msanii. Aliyeivaa alikuwa mpiga kinanda, mcheza ngoma au mchekeshaji? Beji haisemi.

Nimeiweka mezani kando ya alama nyingine, kipande cha kitambaa chenye kichwa cheusi cha kifaru juu ya rangi ya njano. Hiyo ilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944. Askari wa Keya kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walipita bonde la Kabaw katika mvua kubwa na matope, mpaka wakauvuka mto Chindwin. Kitambaa hiki kilikuwa cha marehemu baba yangu mdogo, mtu wa Mbozi. Kwa uzuri wa mchoro, kifaru anaishinda E.N.S.A. kwa mbali. Lakini naye ni wa vita tu. Hasemi lolote juu ya nyimbo.

Na nyimbo zilikuwapo. Jeshi lilikuwa na kikosi cha burudani cha Waafrika, na Fundi Konde, Mgiriama wa pwani ya Kenya, alikuwa miongoni mwa wanamuziki wake. Baada ya vita likasikika kundi la Rhino Boys, yaani Vijana wa Kifaru. Naliona jina hilo kuwa zuri kuliko alama zote mbili zilizo mezani pangu, kwa sababu mnyama wa vita amekuwa mnyama wa dansi.

Mwimbaji Mwingereza Vera Lynn alikwenda Burma mwaka 1944 kuwaimbia askari. Mwaka 1985 alipewa nishani ya Nyota ya Burma. Wenzetu walichelewa, lakini walikiri kwamba kuimba kule nako kulikuwa kutumika. Fundi Konde, aliyefariki mwaka 2000, alipata kumbukumbu ya namna nyingine: nyimbo alizorekodi kati ya 1947 na 1956 zilikusanywa zikatolewa upya. Beji inaweza kupotea, sauti yake ipo.

Baba mdogo hakuwa mwanamuziki. Alikuwa msikilizaji tu. Lakini alirudi nyumbani na wimbo mmoja aliojifunza kambini, na kila msimu wa mavuno, watu wakikaa jioni kupukuchua mahindi, aliuimba. Mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana niliyejaa siasa kichwani, nilimkatiza mbele ya watu. "Baba mdogo," nikasema, "hizo ni nyimbo za mkoloni. Tuimbe za kujenga taifa."

"Haya, mwalimu," akajibu. Siku zote aliniita mwanangu. Hakuuimba tena nikiwapo.

Huo ulikuwa uhakiki mbaya kuliko wote nilioufanya maishani. Niliuhukumu wimbo kwa sare aliyoivaa mwimbaji, wala sikusikiliza maneno yake. Ningesikiliza, huenda ningesikia habari za mvua, njaa na hamu ya kuiona Mbozi. Huenda nisingesikia sifa hata moja ya mkoloni. Sasa siwezi kujua.

Alipofariki, mama mdogo alinikabidhi kifaru kile kikiwa kimekunjwa ndani ya leso. Nikamwomba aniimbie ule wimbo, hata ubeti mmoja.

Akanitazama kwa muda. "Si wewe uliyeukataza?" akasema, kisha akaendelea kupepeta mchele.

Tangu siku hiyo, mjukuu akiimba nisichokipenda, nangoja kwanza amalize.