Mbu wa Hummel na Nyuzi za Bortolazzi

Muhula uliopita niliandika, katika kazi ya darasani, kwamba koncheto ya mandolini ya Johann Nepomuk Hummel inasikika kama mbu aliyefungiwa ndani ya ukumbi mzuri. Nilijivunia sentensi hiyo. Wenzangu walicheka nilipoisoma. Mwalimu naye alitabasamu, kisha akauliza: mbu huyo ana nyuzi za nini?

Sikujua. Wala sikuwahi kufikiri kwamba hilo ni swali la mhakiki.

Koncheto hiyo iliandikwa mwaka 1799 kwa ajili ya Bartolomeo Bortolazzi, mpigaji kutoka kaskazini mwa Italia, aliyezaliwa miaka ya mwanzo ya 1770. Hummel, aliyekuwa mwanafunzi wa Mozart utotoni, alikuwa na umri wa miaka 20 hivi. Mwaka 1803 alimwandikia Anton Weidinger koncheto ya tarumbeta ya vibonyezo, ambayo mpaka leo wapiga tarumbeta huikwepa kwa shida. Naziona kazi hizi mbili kama ndugu. Katika kila moja, mtunzi kijana anamsikiliza fundi wa ala ambayo wakubwa hawaitilii maanani, kisha anaandika kile ambacho mikono ya fundi huyo inaweza kufanya.

Kwa hiyo Bortolazzi anakumbukwa kama mtu aliyekaa kwenye kiti ili mwingine amchore. Ukitafuta jina lake, unalikuta chini ya jina la Hummel. Lakini alikuwa na maneno yake, na aliyaandika. Mwaka 1805, wachapishaji Breitkopf & Härtel wa Leipzig walitoa kitabu chake cha Kijerumani cha kumwezesha mtu kujifunza mandolini mwenyewe, bila mwalimu. (Nimependa ukarimu huo. Huyu ni mtu aliyekula kwa kufundisha, na anauza kitabu kinachomwambia mteja asimtafute.)

Humo ndimo nilimokuta jibu la swali la mwalimu. Mandolini iliyotamba wakati ule ilikuwa ya Naples, yenye jozi 4 za nyuzi, yaani nyuzi 8, na waya ndani yake. Bortolazzi hakuipenda. Alitumia ile ya Cremona, yenye nyuzi 4 tu, kila mmoja peke yake, za utumbo wa mnyama. Zote mbili hukazwa kwa sauti zilezile za fidla, kwa hiyo ugomvi wake haukuwa juu ya noti. Ulikuwa juu ya mlio. Waya, kwa maoni yake, haukai vizuri chini ya vidole, na hutoa sauti ngumu kama ya zita, ile ala inayolazwa mezani huko Ujerumani na Austria. Utumbo ulimpa sauti laini, iliyojaa, inayoimba.

Msomaji aliyewahi kukaa karibu na mpiga udi kwenye taarabu hahitaji kuelezwa sana. Mandolini ni ya ukoo wa luti, na luti ilitoka kwa udi wa Waarabu, jina na umbo. Unajua ule mguso wa kwanza wa uzi, jinsi unavyokuwa na uzito kisha ukafifia kabla hujashiba, na mpigaji anauacha ufifie. Waya haufifii hivyo. Unang'aa, na noti inayofuata inakuta ile ya kwanza bado inalialia.

Nilitafuta rekodi nyingine ya koncheto, hii ikiwa imepigwa kwa nyuzi za utumbo. Sehemu ya kwanza haikunibadilisha sana. Ile ya pili, Andante yenye wimbo mmoja unaorudiwa kwa namna mbalimbali, ndiyo iliyonikalisha kitako. Katika rekodi ya kwanza nilikuwa nimesikia mapambo tu, kama shanga zinazomwagika sakafuni. Hapa kila noti ilikuwa fupi na duara, na kimya kati ya noti na noti kilikuwa sehemu ya wimbo. Okestra ya Hummel ni ndogo, nyuzi na filimbi na baragumu. Nilikuwa nimeandika kwamba anaipunguza kwa kuihurumia ala dhaifu. Sasa nadhani alikuwa anakilinda kile kimya.

Nisimpandishe Bortolazzi juu kuliko anavyostahili. Kazi yake Op. 8, ya mandolini na gitaa, imechukua wimbo wa Paisiello kutoka opera ya *La molinara*, wimbo uleule ambao Beethoven aliuchezea kwenye piano, na baadaye Paganini kwenye fidla. Anaurudia mara 6, kila mara akiuvisha nguo nyingine. Nguo ni safi, lakini mshonaji ni mmoja na kitambaa ni kilekile. Nilipofika marudio ya tano nilikuwa nimeshajua la sita litafanya nini. Sonata yake ya Op. 9, ya mandolini na piano, ina pumzi zaidi, ila nayo haithubutu kwenda mbali na nyumbani. Si mtunzi mkubwa. Sikio lake ndilo lililokuwa kubwa, na sikio haliandikwi kwenye noti. Liliandikwa kwenye ule ushauri wa nyuzi ambao wengi wetu tunaruka.

Ushauri huo ulishindwa. Katika miaka ya 1830, Pasquale Vinaccia wa Naples aliitengeneza upya mandolini ya mji wake kwa nyuzi za chuma na shingo ndefu zaidi, na hiyo ndiyo iliyoenea duniani. Chuma kinasikika mbali, na anayepiga kwenye ukumbi mpana anahitaji kusikika. Sina ugomvi na hilo. Mpigaji wa leo ana haki ya kumpiga Hummel kwa chuma. Ninachojilaumu ni kwamba nilimhukumu mtunzi kwa mlio ambao mtu aliyeandikiwa kazi hiyo alikuwa ameshaukataa kwa maandishi, tena kwa kujiamini kwa mtu aliyesikiliza mara mbili kwa simu.

Sentensi ya mbu nimeifuta, ingawa iliniuma, maana bado naipenda. Kazi nimeiandika upya na kichwa chake sasa kina maneno matatu tu: utumbo, waya, chuma. Rekodi ile ya pili ilifanywa mbele ya watu, na kabla ya Rondo kuanza kuna sekunde chache za mpigaji akiukaza uzi mmoja. Utumbo hulegea. Mtu anakohoa ukumbini. Uzi unapanda polepole, unapita kidogo, unashuka, unatulia, na okestra inangoja.