Miwani "Janja" katika Biashara ya Magari

Miongoni mwa tafsiri zilizoletwa mezani kwangu mwaka huu ili zikaguliwe, imo moja iliyonishughulisha kuliko nilivyotazamia. Ni kijitabu cha maelezo kwa wauzaji wa magari na mafundi wao, kuhusu matumizi ya miwani yenye kompyuta ndani yake. Mfasiri ni hodari. Sentensi zake zinasomeka, na pale ambapo neno lipo tayari vinywani mwa watu, kama vile gereji, yadi au dalali, hakujitia kubuni jingine. Lakini kifaa chenyewe amekiita "miwani janja" tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na hapo ndipo ninapohitilafiana naye.

Najua kwamba hakulibuni yeye. "Simu janja" imekwisha kuenea, na aliyeizoea haoni taabu kuihamishia sifa hiyo kwenye miwani. Hata hivyo mjanja katika Kiswahili ni mwepesi wa akili, tena ni mtu wa kuchungwa. Katika simu maana hii ya pili imefifia, kwa kuwa simu iko mkononi mwa mwenyewe. Katika miwani ya muuza magari inarudi na nguvu zake zote, maana mnunuzi huingia yadi akiwa tayari na wasiwasi juu ya kilomita zilizorudishwa nyuma na rangi iliyofunika kutu. Kijitabu kinaagiza: "Muuzaji avae miwani janja anapompokea mteja." Wenzangu ofisini walicheka, nami sikuwalaumu.

Liko na suala la sarufi. Je, tuseme miwani janja au miwani mijanja? Wapo wasemao miwani nzuri na wapo wasemao miwani mizuri, na kila kundi litashika lake. "Miwani mahiri", inayopendekezwa na baadhi ya watu, inauepuka ugomvi huo, kwani mahiri haichukui kiambishi. Lakini mahiri ni sifa ya mtu aliyejifunza kazi akaiweza.

Kosa lililo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba jina moja limebebeshwa vitu viwili. Mwaka 2017 tawi la kampuni ya Porsche huko Marekani lilianza kuwapa mafundi wa mawakala wake miwani yenye kiwambo kidogo mbele ya jicho. Fundi aliyekwama huitazama injini, na wataalamu walioko Atlanta huona kile anachokiona. Nao humrushia michoro na maelekezo, naye huyasoma bila kuiacha spana. Kampuni ilitangaza kwamba katika majaribio muda wa kutatua hitilafu ulipungua kwa hadi asilimia 40. Hapa aliyevaa ndiye anayehitaji kuona, na kinachotazamwa ni chuma.

Kitu cha pili ni miwani ya aina ya Ray-Ban Meta ya mwaka 2023. Haina kiwambo chochote. Ina kamera, vinasa sauti na vipaza sauti vidogo, na taa ndogo inayowaka inapopiga picha. Muuzaji akiivaa chumba cha maonyesho, anayetazamwa ni mteja: uso wake, mkewe aliyeandamana naye, na maneno wanayonong'onezana juu ya bei ya mwisho wanayoiweza. Kuviita vyote viwili "janja" ni kuificha kamera nyuma ya sifa.

Kiswahili kina njia yake ya kuitaja miwani, nayo ni ya zamani na rahisi: miwani ya jua, miwani ya kusomea, miwani ya kuogelea. Kwa kufuata njia hiyo napendekeza "miwani ya kiwambo" kwa kifaa cha fundi na "miwani ya kamera" kwa kile cha muuzaji. Chenye vyote viwili, na vimekwisha kutokea, kiitwe miwani ya kamera, kwa kuwa hilo ndilo linalomhusu mtu wa pili. Huenda nikaambiwa kwamba majina haya hayana mvuto wa kibiashara. Ni kweli, hayana.

Makosa mengine ni madogo. "Picha hai" iwe picha mubashara. Picha ya gia haipumui. "Mikono huru" iachwe kabisa, iandikwe kwamba fundi hutumia kifaa bila kukishika.

Ukurasa wa mwisho una fomu ya idhini, na hapo sikuweza kulegeza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2023, inampa mtu haki juu ya taarifa zake. Fomu ilisema: "Mteja anakubali kuhudumiwa kwa miwani janja." Mzee aliyekuja kununua pikapu ya kubebea mahindi atatia sahihi bila kujua amekubali nini. Nimekirudisha kijitabu kwa mfasiri, na mahali pa sentensi hiyo nimeandika: "Mteja anakubali kupigwa picha na kurekodiwa sauti kwa miwani ya kamera aliyovaa muuzaji." Mfasiri amejibu kwamba wenye biashara wanaiona sentensi hii kuwa ndefu mno, na wanaomba lile neno la kwanza lirudishwe.