Funga kwanza, kisha jifunze kufungua

Mafunzo mengi ya ukuta wa moto huanza na kuzuia. Mwanafunzi anafundishwa kufunga tovuti hii na poti ile, anamaliza akiwa na orodha ndefu ya makatazo, lakini ukimkabidhi lango la mtandao wa chuo au ofisi hajui aanzie wapi. Naamini mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Anayetaka kuijua kazi hii afunge kila kitu kwanza, kisha ajifunze kufungua mstari mmoja mmoja, kila mstari na sababu yake. Na akishafungua ajue yuko nusu ya safari, maana pakiti iliyoruhusiwa kupita bado itasubiri kwenye foleni, na foleni nayo ina ufundi wake.

Maabara yake si ya gharama. Mashine pepe tatu ndani ya kompyuta moja zinatosha: mteja, lango na seva. Langoni weka Linux na nftables, mfumo ulioingia kwenye kerneli toleo la 3.13 mwaka 2014 ili kurithi kazi ya iptables. Kwa pakiti zote zinazokatiza langoni, weka msimamo wa msingi kuwa ni kutupa. Hapo hakuna kinachopita. Sasa andika mistari miwili tu. Wa kwanza unaruhusu pakiti za miunganisho ambayo lango tayari linaifahamu. Wa pili unaruhusu muunganisho mpya, mradi umeanzia ndani kwenda nje. Ukiongeza NAT, ofisi nzima inaweza kufanya kazi kwa mistari hiyo, na aliye nje hawezi kuanzisha chochote kuelekea mashine za ndani.

Weka kihesabu kwenye kila mstari, kisha upande wa mteja pakua faili moja kubwa kwa kutumia anwani ya namba ya seva, ili maswali ya DNS yasichanganye hesabu. Kihesabu cha mstari wa pili kitaongezeka kwa moja. Cha mstari wa kwanza kitapanda kwa maelfu. Ni pakiti ya mwanzo pekee iliyoomba ruhusa. Zilizofuata, pamoja na majibu yote ya seva, zilitambuliwa na kumbukumbu ya lango. Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo mstari unaobeba karibu kazi yote ndio unaostahili kukaa juu.

Kumbukumbu hiyo ina tabia inayowachanganya wengi. Muunganisho wa TCP uliokwisha kufunguliwa, hata ukiwa kimya kabisa, Linux huuweka kwenye jedwali lake kwa sekunde 432,000, yaani siku 5, usipobadilisha kiwango hicho. Ukifuta mstari wa pili huku upakuaji unaendelea, upakuaji hautakatika, na mwanafunzi ataapa kwamba kanuni haikushika. Imeshika, ila kwa miunganisho mipya. Ule wa zamani lazima uondolewe kwenye jedwali kwa mkono. Anayemfungia mlango mvamizi bila kulijua hili amemfungia akiwa ndani.

Jambo hilohilo linakuhusu unapobadilisha kanuni za lango lililo mji mwingine. Kabla ya kuzipakia, panga kazi itakayorudisha kanuni za zamani baada ya dakika chache. Kisha usiridhike kwamba kikao chako cha SSH bado kiko hai, kwani huenda kinabebwa na kumbukumbu tu. Fungua kikao kipya. Kikikubali, ndipo uifute ile kazi ya kurudisha.

Kuna ushauri mmoja unaosambaa ambao ningependa ufutike: kuzuia ICMP yote kwa jina la usalama. Laini ya PPPoE hubeba pakiti za baiti 1492, si 1500, na ICMP ndiyo inayomwambia mtumaji kwamba pakiti yake ni kubwa mno. Ukiizima, ukurasa unaanza kufunguka kisha unaganda, na lawama zinamwangukia mtoa huduma. Kwenye IPv6 madhara ni makubwa zaidi, kwa sababu ruta za njiani hazikati pakiti vipande, na hata mashine za mtandao mmoja hutafutana kwa ICMPv6.

Sasa foleni. Mwaka 2010 Jim Gettys, aliyekuwa Bell Labs, aliona nyumbani kwake kwamba kunakili faili kubwa kulifanya kila kitu kingine kichelewe kwa zaidi ya sekunde moja. Hesabu yake ni nyepesi: modemu yenye bafa ya megabaiti 1 na kasi ya kupandisha ya megabiti 2 kwa sekunde inaweza kuishikilia pakiti kwa sekunde 4 nzima. Simu ya mtandaoni haivumilii hivyo. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, ambayo haihesabu urefu wa foleni bali muda ambao pakiti imekaa humo. Kama katika milisekunde 100 muda mfupi kuliko yote haujashuka chini ya 5, inaanza kuangusha pakiti, na mtumaji anaelewa kwamba apunguze mwendo. Leo CAKE, iliyomo ndani ya Linux tangu toleo la 4.19, inaongeza kutenganisha mikondo, ili anayepandisha video asimzibie njia aliye kwenye mkutano.

Lakini CAKE haisaidii kitu ikiwa foleni inajengeka ndani ya modemu usiyoitawala. Lazima uiwekee kikomo kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya laini, tuseme asilimia 90, ili foleni ihamie kwenye lango lako. Pima kwa ping wakati faili kubwa linapanda, kabla na baada. Wengi hukataa kuachia asilimia 10 walizolipia. Waache waone namba za ping kwanza.

Kwenye faiba kikomo hicho ukishakiweka unaweza kukisahau. Kwenye 4G kasi hubadilika kati ya asubuhi na jioni, na kikomo kilichoganda ama kitakubana bure ama kitaruhusu foleni irudi kwenye modemu. Huko tumia skripti kama cake-autorate ya OpenWrt, inayopima ucheleweshaji muda wote na kukisogeza kikomo yenyewe.