Jalada na Bastola: Riwaya za Kijasusi za Stella Rimington Zikisomwa kutoka Mfangano

Katika fasihi ya Kiswahili riwaya ya upelelezi imekuwa, kwa sehemu kubwa, shamba la wanaume. Muhammed Said Abdulla alituletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo (1965), kisha Elvis Musiba akamzusha jasusi Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974). Katika hadithi za mkondo huu wa Musiba, mwanamke mara nyingi ni chambo, mateka au mwenzi wa usiku mmoja. Ni nadra awe ndiye anayefikiri. Makala haya yanauliza: mwanamke aliyeifanya kazi ya uchunguzi mwenyewe, akishika kalamu, hubadilisha nini katika utanzu huu? Mfano wetu ni Stella Rimington wa Uingereza (1935–2025). Tutazipima riwaya zake kwa kipimo cha Mfangano, kisiwa cha Abasuba katika Ziwa Victoria, ambako mpaka, mashua na siri si mambo ya kubuni.

Yafaa kwanza tumjue mwandishi. Rimington alisomea fasihi ya Kiingereza Edinburgh, kisha utunzaji wa nyaraka Liverpool, akafanya kazi katika hifadhi ya nyaraka Worcester. Mwaka 1967, akiwa New Delhi na mumewe aliyekuwa mwanadiplomasia, aliombwa kusaidia kazi za ukarani za MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza. Mwaka 1969 aliajiriwa rasmi mjini London. Wakati huo wanawake, hata wenye shahada, waliwekwa katika ngazi za usaidizi wakipanga majalada, huku wanaume wakipewa kazi ya kuwaongoza watoa habari. Mwaka 1992 akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza idara hiyo, na mkuu wake wa kwanza ambaye jina lilitangazwa hadharani. Alistaafu mwaka 1996, akatoa tawasifu yake, Open Secret, mwaka 2001, na riwaya yake ya kwanza, At Risk, mwaka 2004, akiwa anaukaribia umri wa miaka 70.

Maisha hayo yameacha alama katika fani. Katika At Risk, mvuvi wa Norfolk anayeshirikiana na wavushaji wa watu kwa siri anauawa, na silaha iliyotumika inazua shaka. Kuanzia hapo, ofisa Liz Carlyle husonga mbele kwa simu, mahojiano, orodha na ulinganishaji wa habari ndogondogo. Taharuki haitokani na swali la nani atafyatua kwanza, bali nani atawahi kuviunganisha vipande. Hata mtu anayesakwa ni wa namna hiyo hiyo: mmoja wa wahalifu ni mwanamke Mwingereza anayepita popote bila kutiliwa shaka. Hapa ndipo Rimington anapomzidi mtunzi asiyepata kuketi katika ofisi ile. Anajua kwamba kutotazamwa, ambako ni dharau kwa mwanamke kazini, kwaweza pia kuwa nguvu yake, kwa wema au kwa ubaya.

Hata hivyo, sifa hiyo ina mipaka yake. Rip Tide (2011) inatufikisha hadi bahari ya Somalia, meli inaposhambuliwa na maharamia. Lakini fumbo linaloisukuma riwaya ni jinsi kijana kutoka Birmingham alivyofika kati yao; maisha ya pwani yenyewe hubaki mandhari tu. Jalada linamwona Mwafrika pale anapogusa usalama wa London. Huu ndio udhaifu wa kimaudhui wa mwandishi aliyetoka ndani ya dola: anaweza kuonyesha ofisa anayekosea au kusaliti, lakini ni vigumu aulize kama jalada lenyewe limeandikwa kwa haki.

Sisi wasomaji wa Kenya hatuwezi kulikwepa swali hilo. Mwaka huo huo wa 2011, kutokana na kesi ya wazee wa Mau Mau, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imehifadhi Hanslope Park majalada ya makoloni yake ya zamani, yakiwemo takriban 1,500 ya Kenya. Mwaka 2013 ilikubali kuwalipa fidia walalamikaji 5,228. Jalada, basi, laweza kufichua, na laweza pia kufukia.

Turudi Mfangano. Mapokeo ya Abasuba yasimulia kwamba mababu wengi walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Mpaka wa kikoloni ulikuja baadaye. Mgogoro wa Migingo, kisiwa kisichotimia ekari moja upande wa Migori, ulipopamba moto kati ya Kenya na Uganda mnamo 2008 na 2009, mvuvi alijikuta mgeni katika maji ya jamaa zake. Kamati za usimamizi wa fukwe huandikisha mashua, na wanawake wanaongoja samaki ufukweni hujua ni ipi iliyorudi, ni ipi iliyochelewa. Hazina ya Rimington ya orodha, subira na masikio iko pale, tena mikononi mwa wanawake wasiotazamwa.

Lakini mtunzi wa Kiswahili atakayeishika hazina hiyo anakabiliwa na tatizo gumu kuliko la Liz Carlyle. Lugha ya jadi ya kisiwa ni Olusuba, nayo imekuwa ikirudi nyuma mbele ya Kijaluo. Kiswahili huko ni pia lugha ya ofisa anayeuliza maswali. Riwaya ya kijasusi ya Kiswahili iliyowekwa Mfangano itakuwa, tangu sentensi yake ya kwanza, imeketi upande wa mwulizaji.

Kwa maoni yetu, hilo si kizuizi, bali ndiyo dhamira inayongoja mwandishi. Rimington ametufundisha kumwondolea mpelelezi bastola na kumpa jalada. Hatua aliyoiacha, na ambayo fasihi yetu yaweza kuichukua, ni kumpa anayeandikwa katika jalada hilo nafasi ya kulisoma na kulisahihisha.