Uzoefu wa nini? Neno juu ya matangazo ya bodi za kampuni za roboti

Wenzangu wa lisansi, na nyinyi wadogo mungali auditoire, juma hii niko na neno juu ya aina moja ya tangazo linalopita kwenye simu zetu kila mara: kampuni ya roboti za kupeleka mizigo inafurahi kumpokea kwenye bodi yake, ile tunaita huku conseil d'administration, kiongozi mwenye uzoefu wa miaka mingi. Picha, suti, tabasamu. Watu wanaandika "félicitations", wanapita.

Lawama yangu ni moja. Matangazo haya yanatuambia mtu ametoka wapi. Hayatuambii atauliza nini.

Tuchukue Serve Robotics ya Marekani. Roboti zake ndogo za magurudumu zinatembea kandokando ya barabara na kumpelekea mteja chakula. Ilianzia ndani ya Postmates. Uber ikanunua Postmates mwaka 2020, Serve ikajitenga mwaka 2021, na mwaka 2024 ikaingia soko la hisa la Nasdaq. Kwenye bodi yake aliingia Lily Sarafan, aliyeongoza TheKey, kampuni ya kutunza wazee nyumbani. Kusema kweli, si chaguo baya. Mtu aliyetuma wafanyakazi kwenye nyumba za wazee anajua kwamba kazi inaharibikia mlangoni pa mteja, si ofisini. Sasa mbona matangazo ya namna hii yanabaki tu kwenye vyeo na mamilioni?

Bodi haiendeshi roboti. Inachagua mkurugenzi mkuu na kumfukuza, inapitisha bajeti, inachungulia hesabu. Silaha yake ni swali. Mjumbe asiyeuliza, hata akiwa na CV ya kurasa kumi, ni kiti tu. Hiyo sisi Wakongo hatuna lazima ya kufundishwa. Tunasikia ordonnance inasomwa kwenye televisheni, fulani ametajwa mandataire wa kampuni ya serikali, familia inacheza, na kesho yake mambo yako vilevile.

Karibu na sisi, Zipline ilianza kurusha droni za damu Rwanda mwaka 2016, kutoka Muhanga. Kwenye bodi yake aliingia hata Bono, mwimbaji wa U2. Lakini si jina lake njo lilifikisha damu. Kilichosaidia ni wazo la depo: damu inakaa pahali pamoja kwenye baridi, hospitali inaagiza ile tu inahitaji. Chembe za kugandisha damu zinakaa siku tano hivi, halafu zinatupwa. Kila hospitali ikijiwekea akiba yake, nyingi zinaharibika. Utafiti uliotoka katika The Lancet Global Health mwaka 2022 ulionyesha kwamba baada ya miezi 12 damu iliyoharibika kwenye hospitali zilizohudumiwa ilipungua kwa asilimia 67. Na kwa sisi watu wa agronomia: droni zilezile zinapeleka mbegu za nguruwe kwa ajili ya kupandisha. Wizara ilikuwa mteja, ililipa, na mteja anayelipa anauliza.

Huku kwetu pia droni zilifika. Mwaka 2019 Swoop Aero ya Australia ilipeleka chanjo kwenye vijiji vya Équateur, upande wa Mbandaka, pamoja na VillageReach na Wizara ya Afya. Kazi ilikuwa nzuri. Mwaka 2024 Swoop Aero yenyewe ikaanguka, ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa madeni. Swali la bodi lilikuwa hapa: wafadhili wakichoka, nani atalipa safari inayofuata?

Ninasema haya juu ya sanduku moja. Niliagiza chanjo ya Newcastle kutoka Lubumbashi kwa ajili ya kuku za mama wa hapa Katoto. Kampuni ya usafiri sitaitaja. Sanduku likafika barafu imeisha kuyeyuka, chanjo imekuwa maji ya bure. Kuku zikakufa, na mama mmoja akaniuliza: "Sasa mwanangu, ile diplome yako inasaidia nini?" Sikuwa na jibu.

Kutoka Lubumbashi mpaka Kamina ni karibu kilometa 600 za reli. Droni ya Muhanga inahudumia mzunguko wa kilometa 80 hivi. Basi hata wakituletea droni kesho, kwanza tutahitaji frigo hapa Kamina, umeme usiokatika, na mtu wa kusoma kipimo cha joto asubuhi na jioni. Ile bodi inayonunua droni mbele ya frigo, haijauliza.

Kwa hiyo mukisoma tena "kiongozi mwenye uzoefu", ulizeni: uzoefu wa nini? Wa kukusanya pesa, ao wa kukuta sanduku limeharibika na kujua juu ya nini? Yote mawili yanahitajika, lakini matangazo yanasifu la kwanza tu. Na wengi wetu tutaitwa kesho kwenye komite ya koperative ao ya shule. Watasoma CV yetu, watu watapiga makofi. Makofi yakiisha, mutauliza nini?